Sukari Ikipanda Kabla ya Hedhi

Dada, kama una kisukari na kila mwezi kuna siku sukari inapanda ilhali hujabadilisha chakula, chukua kalenda kabla hujajilaumu. Mimi nauza vitenge Kibuye, hapa Kisumu, na najidunga insulini kila siku. Kalenda ndiyo iliyonifumbua macho.

Yai likishatoka kwenye ovari, homoni ya projesteroni hupanda, na kwa wengi wetu mwili huanza kuikaidi insulini. Dozi ni ile ile, ugali na omena ni vile vile, lakini asubuhi mashine ya kupimia sukari inasoma 11 badala ya 7 (kwa kipimo cha mmol/L). Huwa ni siku chache kabla ya hedhi, pengine wiki nzima. Wengine hawapati mabadiliko yoyote, kwa hiyo daftari la mwenzako halikufai.

Zungushia duara siku damu inapoanza. Hiyo ndiyo siku ya 1. Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, ni ghali, najua. Vipimo ulivyoagizwa usiviache, ila ukipata stripu za ziada, ziwekee wiki ya kuelekea hedhi na siku mbili tatu za mwanzo wake. Pima ukiamka, kabla hata ya chai, kisha kabla ya kulala. Kando ya namba andika ulivyolala, na kama ulitamani mandazi. Hamu ya vitamu siku hizo ipo kweli, wala si ulafi. Baada ya mizunguko mitatu, peleka daftari kliniki. Dozi ya insulini au vidonge ibadilishwe huko, si nyumbani.

Ukiongezewa insulini, uliza pia siku ya kuirudisha chini. Hapa ndipo ninapowahofia wenzangu: hedhi ikianza, homoni hushuka, insulini inashika tena, na sukari inaweza kuporomoka usiku umelala. Weka sukari na maji karibu na kitanda. Ukitokwa jasho, ukitetemeka, pima. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Unayeishi naye ajue kwamba ukizimia asikutilie kitu mdomoni, akukimbize hospitali.

Na tumbo likiuma, usiseme tu ni hedhi. Sukari ikipita 14 huku unatapika au unahema kwa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.