Mtoto mwenye homa ya ini sugu akipungukiwa damu: kabla ya kumwandikia chuma

Kipimo kinachodanganya zaidi hapa ni ferritini, protini inayotunza akiba ya chuma. Chembe za ini zikiumizwa na virusi vya homa ya ini (hepatitisi) B au C humwaga ferritini yao kwenye damu, namba ikapanda hata kama akiba ya chuma imeisha.

1. Anza na hemoglobini iliyopimwa vizuri. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, futa tone la kwanza, acha linalofuata lijae lenyewe. Ukikamua kidole, majimaji ya nyama yanachanganyika na damu na namba inashuka bure.

2. Ondoa nyongeza inayoletwa na mwinuko wa mahali. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kuanzia hapo hadi 1,999, Shirika la Afya Duniani huondoa 1.1 g/dl. Mtoto wa miaka 4 ambaye kipimo kilisoma 11.6 anabaki na 10.5, chini ya mpaka wa 11. Bila hesabu hii ungemrudisha nyumbani kama mzima.

3. Tafuta sababu nyingine: malaria, minyoo, selimundu. Mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huenda amejaa chuma tayari, usimpe. Papasa wengu pia. Ukiwa mkubwa na mtoto anatapika damu, huyo ni wa hospitali leo.

4. Pima ferritini pamoja na CRP (huonyesha maambukizi au uvimbe mwilini) na ALT (huonyesha ini kuumia). CRP ikiwa juu, ferritini chini ya 30 µg/l kwa walio chini ya miaka 5, au chini ya 70 kwa wakubwa wao, bado ni upungufu. ALT ikiwa juu, hata ferritini nzuri usiitegemee peke yake: omba ushibaji wa transferini, yaani protini inayosafirisha chuma kwenye damu imejaa chuma kiasi gani.

5. Upungufu ukithibitika, toa 3 mg za chuma kwa kila kilo kwa siku. Kidonge cha salfati ya chuma cha 200 mg kina chuma 65 mg tu, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anapata karibu nusu. Hapa ndipo makosa hutokea: watu huhesabu ile 200. Ampe na juisi ya maracuja, chai isubiri saa mbili. Samaki wadogo wa sambaza kwenye sombe (majani ya muhogo) wasaidie.

6. Rudia kipimo cha hemoglobini baada ya wiki 4. Ikipanda 1 g/dl, endelea hadi miezi 3. Isipopanda, hakikisha kwanza alimeza, kisha simamisha na utafute upya. Kwenye hepatitisi C hasa, ini hutoa kidogo hepsidini, homoni ya kuzuia chuma, kwa hiyo utumbo hauzuii chuma, nacho hurundikana kwenye ini lilelile linaloumwa.

Mwambie mama mapema: choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya dawa. Kikinata kama lami na kunuka vikali, hiyo ni damu, asisubiri miadi.