Somo: Namna ya kufuatilia rikoli na kasoro za usalama za gari la mtumba kwa namba ya chesisi

Ndugu wanachama,

Anayenunua gari la mtumba kwetu hukagua injini, gia, matairi na bodi, huzunguka yadi kwa yadi kulinganisha bei, na mwisho hulipa akiwa ameridhika. Jambo moja husahaulika karibu kila mara, nalo ni kuuliza iwapo mtengenezaji mwenyewe amekwisha kutangaza kwamba gari hilo lina kasoro ya hatari na kwamba lirudishwe likarekebishwe bure. Tangazo la namna hiyo ndilo tunaloliita rikoli. Barua yake hutumwa kwa mmiliki aliyeandikishwa Japani, Uingereza au kokote gari lilikouzwa likiwa jipya. Gari likishapakiwa melini kuja Dar es Salaam au Mombasa, barua hubaki huko na kasoro husafiri na gari. Mnunuzi wa huku hakuna atakayemwandikia. Kinachomuunganisha na tangazo lile ni namba ya chesisi, na ndiyo maana somo hili lote linaizunguka namba hiyo.

Kabla ya hatua zenyewe, naomba nieleze kasoro moja kwa kirefu, kwa sababu inatuhusu sisi wa pwani kuliko wengi. Nyuma ya mfuko wa hewa, yaani eabegi, ndani ya usukani, kuna kikopo cha chuma chenye kemikali iliyoshindiliwa. Gari linapogonga, kemikali hiyo huwaka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na gesi yake huujaza mfuko. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali ya amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi katika joto linalopanda na kushuka pamoja na unyevunyevu, hulegea na kumomonyoka. Ikiwaka katika hali hiyo huwaka kwa kasi iliyopita kiasi, kikopo hupasuka, na vipande vya chuma hutoboa mfuko na kumpiga dereva usoni, shingoni au kifuani. Ajali ambayo mtu angeshuka na michubuko huweza kumuua. Marekani peke yake vikopo vipatavyo milioni 67 viliingizwa katika rikoli, na Takata iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2017. Marekani ilipopanga maeneo ya kuanza kuhudumiwa, ilitanguliza yale yenye joto na unyevu mwingi kama Florida, Hawaii na Puerto Rico. Msomaji wa Tanga, Unguja, Lamu au Mombasa aisome sentensi hiyo mara mbili, kisha akumbuke kwamba miongoni mwa magari yaliyoguswa zimo Honda Fit, Toyota Corolla na Vitz za miaka ya 2000, magari ambayo yamejaa katika barabara zetu.

Hatua ya kwanza: soma namba ya chesisi kwa macho yako mwenyewe

Usiichukue kwenye tangazo wala kwa dalali. Fungua boneti utafute bati dogo lililopigwa ribiti, kisha utafute namba ileile iliyogongwa kwenye chuma cha bodi, ambayo katika magari mengine iko ukutani nyuma ya injini na katika mengine chini ya kiti cha mbele. Namba hizo mbili zilingane, na zilingane pia na kadi ya gari. Zipige picha mchana, maana tochi hung'aa kwenye bati na kuficha tarakimu. Zikitofautiana, usiendelee na ununuzi, kwa sababu hapo umekutana na tatizo jingine kabisa.

Hatua ya pili: tambua gari lilitengenezwa kwa ajili ya soko gani

Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japani lina namba fupi yenye kistari katikati, kwa mfano SCP90 kwa baadhi ya Vitz, ikifuatiwa na tarakimu za pekee za gari hilo. Gari la soko la Marekani, la Ulaya au la Ghuba huwa na namba ya herufi na tarakimu 17, ambayo haina kamwe herufi I, O wala Q. Wengi hukwama hapa. Huingiza namba ya Kijapani katika tovuti ya Kimarekani, tovuti huikataa, nao huondoka wakiamini kwamba gari halina tatizo. Kukataliwa kwa namba maana yake ni kwamba umebisha mlango usio wake.

Hatua ya tatu: tafuta rikoli ambazo hazijafanyiwa kazi

Kwa gari la Japani, ingia katika tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, si ile ya kimataifa, uache kivinjari kitafsiri ukurasa. Tafuta sehemu ya rikoli yenye nafasi ya kuingiza namba ya chesisi. Kama kuna visanduku viwili, cha kwanza ni cha sehemu iliyo kabla ya kistari na cha pili ni cha tarakimu zinazofuata. Japani ina matangazo ya ngazi tatu, na tafsiri ya simu huyachanganya. Rikoli yenyewe inahusu gari ambalo halikidhi, au linaweza lisikidhi, viwango vya usalama vya kisheria. Ya pili ni hatua za maboresho, ambazo zinahusu kasoro isiyotajwa katika viwango lakini isiyoweza kupuuzwa kiusalama. Ya tatu ni kampeni ya huduma, ambayo ni ya ubora tu. Mbili za kwanza zichukulie kwa uzito uleule.

Kwa gari la Uingereza, serikali ya huko ina ukurasa unaotumia namba ya usajili wa Uingereza, kwa hiyo mwombe muuzaji hati za zamani kabla hazijapotea. Kwa gari la soko la Marekani, tumia tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, ukifahamu kwamba namba ya chesisi huko huonyesha rikoli ambazo bado hazijarekebishwa.

Hifadhi picha ya majibu yenye tarehe. Utaihitaji.

Hatua ya nne: soma malalamiko na uchunguzi, lakini ujue unachosoma

NHTSA huweka wazi pia malalamiko ya wenye magari na uchunguzi wake wa kasoro. Malalamiko, uchunguzi na rikoli ni mambo matatu yasiyolingana. Lalamiko ni maneno ya mwenye gari mmoja, ambayo hayajathibitishwa. Uchunguzi maana yake ni kwamba wataalamu wameona malalamiko yanafanana kiasi cha kustahili kufuatiliwa. Huanza na tathmini ya awali na huweza kupanda kuwa uchambuzi wa kihandisi, na baadhi hufungwa bila kasoro kupatikana. Rikoli ndiyo kukiri kwenyewe, na mtengenezaji akishabaini kasoro ya usalama sheria ya huko humpa siku 5 za kazi kuiarifu mamlaka.

Kwa hiyo usihesabu tu idadi ya malalamiko, kwa kuwa gari lililouzwa kwa wingi litalalamikiwa kwa wingi. Tafuta kifaa kilekile kinachoharibika katika mazingira yaleyale na kwa umri unaokaribiana. Ukikuta watu wanane wasiojuana wanasema usukani ulikuwa mzito ghafla wakikata kona kwa mwendo mdogo, hilo ni la kumwonyesha fundi kabla ya kulipa. Kumbuka pia kwamba majina hubadilika: Vitz yetu huko nje iliitwa Yaris, Fit iliitwa Jazz Ulaya, na ist ya kwanza iliuzwa Marekani kama Scion xA. Injini huenda zikatofautiana, basi yachukue malalamiko hayo kama fununu ya mahali pa kukagua, si kama hukumu.

Hatua ya tano: lihoji gari lenyewe

Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa ya eabegi inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha izimike. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, hali ni mbaya zaidi, na hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari dogo kwa mtu binafsi, nikafurahi kwamba dashibodi yake haina taa hata moja ya onyo. Nilimpeleka mwanangu shuleni kwa gari hilo miezi minne. Siku fundi wa umeme alipofungua mita kwa ajili ya jambo jingine, alikuta nyuma ya alama ya eabegi pamebandikwa kipande cha utepe mweusi, kilichokatwa kwa wembe kwa uangalifu kufuata umbo la alama yenyewe. Chini ya usukani, plagi ya njano ya eabegi ilikuwa imechomolewa na kufungiwa pembeni. Kuna mtu aliyekaa chini, akapima, akakata. Tangu siku hiyo sinunui gari kabla sijaihesabu taa hiyo ikiwaka na kuzimika mbele yangu.

Hatua ya sita: peleka majibu yako panapohusika, kwa maandishi

Mwandikie wakala rasmi wa mtengenezaji hapa nchini, ukiambatisha picha ya chesisi, nakala ya kadi na majibu ya utafutaji wako, umuulize kama atalifanyia gari lako marekebisho ya rikoli na kama spea ipo. Usiishie kwenye simu, kwa sababu simu haiachi kumbukumbu. Kwa Tanzania, lalamiko la bidhaa yenye kasoro lipelekwe Tume ya Ushindani, FCC, na la viwango TBS. Kwa Kenya, Mamlaka ya Ushindani na KEBS. Lalamiko zuri lina namba ya chesisi, kilomita, tarehe, mwendo wa gari wakati huo, kilichotokea kwa mfuatano, na kifaa kilichoharibika kikiwa kimehifadhiwa. Usikitupe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Muuzaji ananiambia gari lilikaguliwa kabla ya kupakiwa na cheti kipo, kwa hiyo niache wasiwasi. Je, cheti hakitoshi?

Jibu: Marahaba. Cheti kina thamani yake, na ukikikosa usinunue. Lakini mkaguzi huangalia breki, taa, matairi, bodi na mambo yanayoonekana au kupimika kwa haraka. Kikopo cha eabegi kimefungwa, na hali ya kemikali iliyomo haionekani kwa macho. Ni namba ya chesisi pekee itakayokuambia kama kikopo hicho kimo katika rikoli na kama kilibadilishwa. Kuanzia Mei 2018 Japani yenyewe iliacha kuyapitisha katika ukaguzi wake wa lazima magari yenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa. Gari lililoondoka kabla ya hapo halikupitia kichujio hicho.

Swali (Mombasa): Nimeangalia, na gari langu limo katika rikoli ya eabegi. Fundi anasema tuichomoe tu yaishe. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, na umefanya vyema kuangalia. Kumruhusu fundi wa kawaida aifungue ni hatari, kwani kile ni kilipuzi na huweza kuwaka mikononi mwake. Kuichomoa na kuendelea kuendesha kama kawaida nako kunakunyima kinga katika ajali ya uso kwa uso. Mwandikie wakala leo. Kama gari hilo lina mbadala nyumbani, liegeshe. Katika mwaka 2016 mamlaka ya Marekani iliwataka wenye baadhi ya Honda na Acura za 2001 hadi 2003 wasiziendeshe isipokuwa kuzipeleka kutengenezwa, kwa kuwa vipimo vilionyesha kwamba uwezekano wa vikopo vyao kupasuka mfuko unapofunguka ulifikia hadi asilimia 50. Tena usinunue usukani wa mtumba wenye eabegi kama mbadala, maana huenda umetoka kwenye gari lililo katika rikoli ileile.

Swali (Morogoro): Swichi ya madirisha upande wa dereva imekuwa nzito. Fundi amekuja na kopo la kupulizia. Kuna ubaya?

Jibu: Mzuie kwanza. Oktoba 2012 Toyota ilitangaza rikoli ya magari yapatayo milioni 7.43 duniani, zikiwamo Vitz, kwa sababu ya swichi hiyo hasa. Grisi haikupakwa sawasawa kiwandani, swichi ikawa inakwama, na ikipuliziwa vilainishi vya dukani inaweza kupata joto, ikayeyuka na kutoa moshi. Angalia namba yako kwanza. Kama gari si la aina hiyo, bado swichi ya umeme haipuliziwi kitu ambacho hujui kimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Swali (Arusha): Gari ni la 2005. Je, rikoli haijapitwa na wakati?

Jibu: Sheria ya Marekani humlazimisha mtengenezaji kurekebisha bure gari ambalo halijazidi miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza, lakini hilo ni suala la nani analipa. Kasoro haina ukomo, na kwa eabegi ya Takata kila mwaka unaopita huongeza hatari. Uliza, hata kama gari lina miaka 20.

Swali (mwanachama aliyeko Texas): Ndugu zangu, mimi nanunua gari hukuhuku Marekani kwa mtu wa yadi. Nilidhani haruhusiwi kuuza gari lenye rikoli.

Jibu: Kwa gari jipya haruhusiwi, na makampuni makubwa ya kukodisha magari nayo yanabanwa. Kwa gari lililotumika, sheria ya shirikisho haimzuii muuzaji. Chukua namba yenye herufi na tarakimu 17 iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize katika tovuti ya NHTSA ukiwa palepale yadi. Ikionyesha rikoli, mwambie alipeleke kwa wakala wa mtengenezaji, ambako ni bure, na usitie saini hadi akuletee karatasi ya kazi iliyofanyika yenye namba hiyohiyo.