Jinsi ya kulisoma bega la farasi kwa mikono yako mwenyewe

Kabla hujamgusa farasi jiguse mwenyewe kwanza. Weka vidole juu ya bega lako, vitembeze kuelekea kooni, utakuta kamfupa kembamba kamelala hapo, huo ndo mtulinga. Sasa farasi hana. Hana kabisa, yaani mguu wake wa mbele haujaungwa na kiwiliwili kwa mfupa wowote, umeshikwa na misuli tu, na tunaongelea mnyama wa kilo 450 au 500 ambaye kama asilimia 60 ya uzito wake inakaa mbele. Kifua chake kimebebwa katikati ya miguu miwili kama mtoto kwenye mbeleko. Mimi nilifanya usaisi miaka kadhaa bila kulijua hili, nikawa napiga brashi bega kila asubuhi nikidhani nimeshalijua, kumbe napangusa vumbi tu.

Msimamishe mahali tambarare, miguu yote minne ikae sawa, mtu ashike kamba lakini asimfunge, manake utabonyeza sehemu zinazouma na farasi aliyefungwa akishtuka hana pa kwenda isipokuwa juu yako. Simama ubavuni karibu na bega, usisimame mbele yake.

Tafuta mifupa kwanza, misuli itajileta yenyewe. Pale juu shingo inapokutana na mgongo pana kamlima, shuka hapo kidogo utagusa ukingo wa kombe la bega, mfupa mpana bapa wenye shepu ya pembetatu, umeinama kuelekea mbele. Katikati ya kombe pana mstari mgumu unaoteremka kwenda mbele, uufuate na kidole gumba mpaka ufike ile ncha ya bega inayojitokeza pembeni ya kifua. Ncha yenyewe ni sehemu ya juu ya mfupa wa mkono, yaani mguu wa mbele, si kombe tena, na hapo ndo jointi ilipo.

Ule mstari ni ramani yako. Mbele yake kuna supraspinatasi, nyuma yake kuna infraspinatasi. Majina marefu lakini kazi yao nyepesi kuelewa: jointi ya bega la farasi haina kano za pembeni za kuishikilia kama jointi nyingine, kwa hiyo hii misuli miwili, pamoja na mwenzao aliyejificha upande wa ndani, ndo inazuia bega lisichomoke kwenda nje farasi akikanyaga. Yote miwili inapata umeme wake kutoka neva moja, na hiyo neva inazunguka ukingo wa mbele wa kombe mahali ambapo hakuna nyama ya kutosha kuikinga. Akigongwa pale, imekwisha. Niliwahi kumwona farasi aliyegonga nguzo ya geti akiwa anakimbia, wiki kadhaa baadaye nyama ikanywea mbele na nyuma ya ule mstari, mfupa ukajitokeza kama mkuku wa dau lililopinduliwa, na kila hatua bega likawa linaruka nje. Kwa hiyo linganisha kushoto na kulia kila mara, simama mbele kwa mbali uangalie, halafu pitisha mikono miwili kwa pamoja kama anakuruhusu. Tofauti ndogo ni kawaida, farasi nao wana upande wanaoupenda, ila shimo upande mmoja si kawaida.

Nyuma ya kombe mpaka kwenye kiwiko kuna lile nofu kubwa kuliko yote, trisepsi. Linanyoosha kiwiko, na bila hilo farasi hawezi kusimama juu ya ule mguu. Libonyeze polepole kwa kiganja chote. Nyama iliyopumzika inabonyea kama shavu lako, iliyokaza ni kama paji la uso. Akikunja masikio au akihamisha uzito ulipobonyeza, rudia mara moja tu, kama anajibu vilevile umeshapata jibu, usimtese.

Bisepsi iko mbele, inapita juu ya ncha ya bega na kwenda mpaka chini ya kiwiko. Huu msuli mimi naupenda kuliko wote. Ndani umejaa nyuzi ngumu kama kano, na una kazi mbili ambazo hazifanani kabisa: akisimama unasaidia kuufunga mguu ili alale usingizi mwepesi wima bila kuchoka, akienda shoti unavutika kama mpira wa manati, mguu unapoachia ardhi unafyatuka mbele wenyewe. Chini yake kuna kifuko cha majimaji kinachouacha uteleze juu ya mfupa, kikivimba farasi anafupisha hatua na hataki ule mguu uvutwe nyuma.

Halafu kuna ule mrefu unaotoka nyuma ya kichwa, unashuka ubavuni mwa shingo mpaka kwenye mkono, brakiosefalikasi. Huo ndo unauvuta mguu mbele. Mpandaji anayening'inia kwenye hatamu siku nzima, kichwa cha farasi kiko juu kama twiga, huu msuli utaukuta mgumu kama kamba ya nanga, na hapo watu wanalalamika eti farasi mvivu hafungui hatua.

Sasa tuje kwenye tandiko, hapa ndo naona makosa mengi zaidi. Fanya hivi: weka vidole nyuma ya ukingo wa juu wa kombe, mwambie mwenzako auinue mguu na kuupeleka mbele taratibu. Utaskia kombe linarudi nyuma na kusukuma vidole vyako. Yaani mguu ukienda mbele, juu ya kombe panaenda nyuma, na ukiwa umeweka tandiko pale juu, kila hatua anajigonga. Liweke mbele kidogo ya mahali pake, ulitelezeshe nyuma kufuata manyoya mpaka likae lenyewe, halafu hakikisha sehemu yake ngumu inabaki nyuma ya kombe kwa vidole viwili au vitatu. Dalili za kuchelewa ni nywele nyeupe na mashimo nyuma ya kombe, hapo trapeziasi, msuli bapa wa pale juu, imeshanywea kwa kubanwa. Na tafadhali usijaze shimo kwa blanketi nene, ni sawa na kiatu kinachobana halafu unaongeza soksi.

Wenye punda wa mkokoteni, haya yote ni yenu pia, punda naye hana mtulinga. Mkanda wa kifuani ukae juu kidogo ya ncha ya bega na chini ya koo, ukiikalia ncha yenyewe anachubuka na unabana jointi, ukipanda sana anakosa pumzi.

Akichechemea usikimbilie kusema ni bega. Mwache aende matiti, ile mbio ndogo ya taratibu, kwenye ardhi ngumu uangalie kichwa, kinapanda juu pale mguu mbovu unapogusa chini. Halafu anza na kwato, kagua jiwe, msumari, joto, panda juu taratibu, manake kuchechemea kwingi kwa miguu ya mbele kunatoka chini na bega linasingiziwa tu. Kama hawezi kabisa kubeba uzito au kiwiko kimeshuka, huyo ni wa daktari wa mifugo leo leo.

Kujenga misuli inayobeba kifua hakuhitaji mambo makubwa, kupanda kilima kwa hatua za kawaida, kuvuka fito zilizolazwa chini, kurudi nyuma hatua chache. Kunyoosha kufanyike akiwa ameshapata joto, si asubuhi akitoka bandani. Inua mguu, shika nyuma ya goti na juu ya kwato, upeleke mbele chini chini mpaka unapokataa, subiri sekunde kumi hivi bila kuvuta, mrudishie mguu polepole wala usiudondoshe. Na siku ya kupanda, ukishafunga mkanda wa tumbo, peleka kila mguu mbele mara moja ili ngozi iliyokunjamana chini ya mkanda ikunjuke, ndo upande.