Dalili za hatari zikae kwenye maelezo ya kundi

Kama unasimamia kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto wadogo, iwe Ngamiani au Makorora, Tanga, usiache dalili za hatari zipotelee kwenye soga. Ujumbe uliobandikwa juu hudumu siku 30 tu, tena ukichagua muda mrefu kuliko yote. Maelezo ya kundi hayaondoki mpaka mtu ayafute. Ziandike humo: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au hazinduki. Hapo hakuna kuuliza kundini. Ni kumbeba kwenda kituo cha afya, usiku huohuo.

Chini yake ongeza la kuharisha: ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji), pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, hata choo kikikaza siku ya tatu. Hapo kwenye zinki ndipo wengi tunakatiza. Chanjo ya surua ni miezi 9, halafu 18. Ile ya pili husahaulika, maana mtoto keshaanza kukimbia.

Mkibahatika kuwa na muuguzi kundini, msimwamshe kila saa. Mpangieni jioni moja kwa wiki, ajibu kwa sauti. Mama anayegeuza vitumbua anasikiliza huku mikono ina kazi. (Sauti ya dakika tano, kwa kweli, hakuna anayeimaliza.)

Na picha za vipele zitumwe kwa muuguzi pembeni, uso wa mtoto usionekane.