Unataka kuwa profesa wa sheria ya katiba? Anzia kwenye hukumu

Watu wakisikia profesa wa katiba wanamuwaza yule anayeitwa kwenye TV kila uchaguzi ukiharibika, anakunja nne anachambua. Hiyo ni dakika kumi tu za kazi, muda uliobaki ni kusoma na kusahihisha mitihani.

Njia yenyewe haina siri, digrii ya sheria, masta, PhD, alafu unapanda kutoka mhadhiri msaidizi kwenda juu, na unapanda kwa machapisho sio kwa kuzeeka ofisini. (Marekani wapo wengi wanaofundisha na JD tu, yaani digrii yao ya sheria, ila huko nako PhD inazidi kuulizwa.)

Ila wengi wanakwama kwa sababu wanasoma muhtasari badala ya hukumu. Chukua Kesavananda Bharati ya India, 1973. Mkuu wa nyumba ya watawa kule Kerala anagombania ardhi, kesi ikaishia kwenye swali kama bunge linaweza kuibadili katiba litakavyo. Majaji 13, wakagawanyika 7 kwa 6, maandiko tofauti 11! Muhtasari utakwambia muundo wa msingi wa katiba hauguswi, basi. Wewe chukua daftari, chora safu, kila jaji muandikie kakubali nini na kwa hoja gani, utaona hata wale saba hawakupita njia moja, jaji Khanna ndo aliyeegemeza mzani na hakukubaliana na wenzake kwenye kila kitu. Na usiwaruke walioshindwa, hoja zao zina tabia ya kurudi.

Alafu nenda Kenya. Kesi ya BBI, ule mpango wa kubadili katiba, Mahakama Kuu na ya Rufaa zikaikubali hoja hiyo ya muundo wa msingi 2021, Mahakama ya Juu ikaikataa 2022. Kwanini imeota India, Kenya ikang'olewa? Hapo tayari una swali la kuanzia tasnifu. "Katiba na utawala bora" sio swali, ni bango la semina, msimamizi mwenye akili atakurudishia siku hiyohiyo.

Kuhusu msimamizi, usifuate jina kubwa, waulize wanafunzi wake anasoma sura kwa muda gani, manake wapo wanaokaa nayo mpaka unasahau uliandika nini.

Na TV wakikupigia jioni ya hukumu, waambie unaomba usiku mmoja uisome kwanza. Watampigia mwingine, sawa tu.