SOMO: Kucheza bao barazani wakati wa kipindupindu

Kikitangazwa tu, simu ni zilezile: "Tufunge baraza au tucheze?" Naandika mara moja, msinipigie tena.

1. Anayeharisha au kutapika abaki nyumbani.

2. Ndoo ya koki na sabuni pembeni ya baraza. Beseni moja la wote, hapana.

3. Kuosha. Hapa ndipo nilipoumia. Jik, ile dawa ya klorini, ya asilimia 3.5 (soma chupa), kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Kete ziosheni kwa sabuni, ziloweke dakika 10, suuza, anika. BAO LENYEWE USILILOWEKE. Mimi nilitumbukiza bao la mvule la marehemu babu kwenye karai, nikaenda kulala. Asubuhi nikalitoa juani. Adhuhuri nikasikia "ta!", ufa umepita katikati ya nyumba, lile shimo la mraba la bao. Bao hupanguswa kwa kitambaa chenye dawa, kisha cha maji safi, likauke kivulini. Jik usichanganye na ndimu wala siki, mvuke wake unakaba. Na hesabu kete zifike 64 kabla hujamwaga maji ya karai.

4. Kahawa. Unanawa vizuri, halafu unanywea kikombe kilichochovywa ndoo moja na vya mtaa mzima? Kila mtu na kikombe chake. Kashata baada ya mchezo, ukishanawa.

MASWALI

— Kwa hiyo bao naloweka dakika ngapi?
Soma namba 3. Yote.

— Sanitaiza haitoshi?
Kwa mkono wenye vumbi na jasho haifui dafu. Sabuni.

— Umetutisha bure, sisi tumecheza miaka yote.
Sijasema msicheze. Nimesema mnawe.

— Shikamoo mzee. Kwenye namua, pale mwanzo kete zinapoingizwa baoni, mtu ana kete 22 mkononi, anafikiri huku anang'ata kucha. Tumfanyeje?
Marahaba mwanangu, hilo ndilo swali. Kete haina ubaya kama haifiki mdomoni. Sisi kila mchezaji ana kibakuli chake, anachota moja moja. Mkono mmoja unacheza, wa pili unakaa juu ya paja. Akisahau, baraza zima linamzomea. Siku ya tatu kucha zimeota.

— Tukitumia goroli?
Zinaosheka vizuri, ila zinateleza na kelele zake sizipendi. Afadhali komwe, zile mbegu za mkomwe.

— Komwe mnapata wapi siku hizi?
Vichakani karibu na ufukwe. Mkomwe una miiba hadi kwenye maganda, nenda na kijiti cha kupasulia.