Tinti ya kuzuia joto kwa gari la zamani: kagua kioo kwanza, giza baadaye

Wengi wanaoniletea magari ya zamani huanza na neno moja: nyeusi. "Fundi, weka nyeusi kabisa, joto limenishinda." Nawaelewa. Kiti cha ngozi kilichoshinda juani hakikaliki, na dashibodi ya asili ikishapasuka, kupata nyingine ni shida. Lakini giza na ubaridi ni mambo mawili. Ipo tinti nyeusi tititi inayopitisha joto jingi kuliko tinti ambayo ukiitazama kwa haraka utadhani ni kioo kitupu. Utaratibu ninaoufuata mimi ni huu.

Hatua ya 1: Tafuta joto linapoingilia

Egesha gari juani, funga madirisha, kaa ndani dakika chache uone jua linatua wapi. Kioo cha mbele cha magari mengi ya zamani kimesimama karibu wima, hivyo jua la utosini hupiga dashibodi kwa kiasi kidogo kuliko kwenye magari ya leo yenye kioo kilicholala. Kioo cha nyuma ni habari nyingine. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yana kioo cha nyuma kipana kilichopinda hadi pembeni, na jua lote humwagika juu ya kiti cha nyuma.

Kisha jiulize: gari lina kiyoyozi? Kama halina, ukiwa njiani utateremsha vioo vya milango, na kioo kilichozama ndani ya mlango hakizuii chochote. Tinti ya milangoni itakufaa gari likiwa limeegeshwa tu. Kwa gari la namna hiyo ninamshauri mwenyewe atumie filamu (yaani utando mwembamba wa plastiki wa tinti) iliyo bora kabisa kwenye vioo visivyofunguka, yaani cha nyuma na, pale sheria inaporuhusu, cha mbele. Milango inaweza kusubiri.

Hatua ya 2: Kagua kioo chenyewe

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, kwa sababu filamu ikiharibika hubanduliwa na kuwekwa nyingine, ila kioo cha asili kikiharibika huenda usikipate tena.

Kwanza jua ni kioo cha aina gani. Kioo cha tabaka ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na plastiki katikati. Mfaransa Édouard Bénédictus ndiye aliyekiwekea hataza mwaka 1909. Kwenye magari ya leo hukikosi mbele, lakini kwenye magari mengi ya kale utakikuta hata milangoni. Vile vya mwanzo vilitumia plastiki ya selulosi, ambayo hugeuka manjano kwa umri. Aina nyingine ni kioo kilichokazwa kwa moto, kile kinachovunjika punjepunje. Mara nyingi muhuri mdogo wa kiwanda pembeni mwa kioo utakuambia ni kipi.

Kama ni cha tabaka, pitisha macho kwenye kingo zote, polepole, huku mwanga ukitoka nyuma yake. Ukiona ukungu mweupe kama maziwa, au mapovu yaliyoganda ndani, tabaka limeanza kuachana. Kioo hicho usikiwekee tinti. Filamu nyingi huzuia joto kwa kulinyonya, na joto linalonyonywa hukipasha kioo moto. Isitoshe, kioo kilichopinda hakiwekwi filamu bila mashine ya hewa moto ya kuikunjisha. Niliwahi kuifanyia kazi milango ya gari moja la kale iliyokuwa na weupe wa upana wa kucha kwenye kona. Nilidhani hautaongezeka. Baada ya miezi michache weupe ulikuwa umepanda kiasi cha vidole vitatu, na kioo kile kilikuwa na muhuri wa mwaka uleule wa gari. Tangu siku hiyo, kioo chenye weupe ninakirudisha kwa mwenyewe kama kilivyo.

Tazama pia mabanzi madogo kwenye ukingo, kwani ufa huanzia hapo joto likipanda upande mmoja. Halafu teremsha na kupandisha vioo vya milango. Ile manyoya ya kwenye reli za dirisha, ikishazeeka, hujaa mchanga na kuwa kama msasa; itaikwaruza tinti mpya ndani ya wiki moja. Badilisha manyoya na raba kabla ya tinti.

Dirisha la plastiki la gari lenye paa la turubai liache kama lilivyo. Filamu hii imetengenezwa kwa ajili ya kioo, na plastiki inayokunjwa kila siku itaitoa.

Hatua ya 3: Soma namba zinazostahili kusomwa

Karatasi ya maelezo ya filamu huwa na namba nyingi. Mimi natafuta tatu.

VLT ni asilimia ya mwanga unaopita. VLT 70 ni nyeupe, VLT 20 ni nyeusi. Namba hii inahusu giza, basi.

TSER ni jumla ya nishati ya jua inayozuiwa, ukihesabu pamoja mwanga, infraredi (miale isiyoonekana ambayo ngozi huihisi kama joto) na urujuanimno (miale isiyoonekana inayofifisha rangi). Hii ndiyo namba ya joto, na ndiyo ya kulinganishia filamu moja na nyingine.

Ya tatu ni infraredi, na hii ndiyo inayowapoteza wengi. Ukiona tangazo linasema filamu inazuia asilimia 95 ya infraredi, usidhani joto litapungua kwa asilimia 95. Kati ya nishati ya jua inayotufikia, infraredi ni kama asilimia 53, mwanga unaoonekana kama 44, na urujuanimno kama 3. Chukua filamu hiyo yenye VLT 70: asilimia 95 ya 53 ni kama 50, na asilimia 30 ya 44 ni kama 13. Jumla ni 63 hivi, ukiongeza na urujuanimno haifiki 67. Na hapo hatujatoa sehemu ya joto iliyonyonywa na kioo, kisha ikarudi ndani ya gari. Tena baadhi ya watengenezaji hupima kipande kidogo tu cha infraredi, pale filamu yao inapofanya vizuri zaidi. Muulize muuzaji kipimo kimeanzia wapi hadi wapi. Kipimo kipana huanza karibu na nanomita 780 na kuishia 2500, nanomita ikiwa ni kizio cha urefu wa wimbi la mwale.

Urujuanimno usikusumbue sana. Filamu yoyote ya maana huzuia asilimia 99 au zaidi, na hilo ni la heri kwa mbao, vitambaa na ngozi. Ila fahamu kwamba rangi hufifishwa pia na mwanga wa kawaida na joto, kwa hiyo tinti huchelewesha kufifia, haizuii kabisa.

Hatua ya 4: Jaribu kwa jua lenyewe

Madukani kuna kisanduku chenye taa nyekundu. Unaweka mkono nyuma ya kipande cha filamu na huhisi kitu. Taa ile hutoa infraredi kwa wingi kuliko mwanga, hivyo huipendelea filamu ya infraredi. Omba vipande viwili vya filamu tofauti, vibandike kwa maji kwenye dirisha moja la gari lako saa sita mchana, weka kitambaa cheusi nyuma ya kila kimoja, na baada ya robo saa pima joto la vitambaa. Usipime kioo, kwa maana filamu inayonyonya vizuri itakipasha kioo moto na utaihukumu isivyo haki.

Hatua ya 5: Chagua aina ya filamu

Filamu ya rangi tu hutia giza, huzuia joto kidogo, na ikipigwa jua miaka kadhaa hugeuka zambarau. Kwenye gari la kale zambarau ile inauma macho, siiweki.

Filamu ya madini huzuia joto vizuri kwa kulirudisha nje, lakini hung'aa kama kioo cha kujitazamia na hudhoofisha mawimbi ya redio na simu. Kabla ya kuifikiria, tafuta antena ya redio iko wapi. Yako magari ya miaka ya 1970 ambayo antena yake ni uzi mwembamba ndani ya kioo cha mbele.

Filamu ya kaboni haibadiliki rangi upesi na haisumbui redio. Ni chaguo la kati lenye heshima.

Filamu ya seramiki ndiyo ninayoipendekeza kwa magari haya. Chembe zake hunyonya infraredi huku zikiacha mwanga upite, kwa hiyo unaweza kuchagua VLT ya juu na bado ukapata TSER nzuri. Gari linabaki na sura iliyotoka nayo kiwandani. Gari la mwaka 1962 lenye vioo vyeusi kama la serikali limepotezewa uso wake. Hayo ni maoni yangu na ninayashikilia.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwanga

Kioo nacho hula mwanga. Kioo cheupe cha zamani hupitisha takriban asilimia 88. Ukikiwekea filamu ya VLT 70, unazidisha: 0.88 mara 0.70 ni karibu 0.62. Umepata asilimia 62, wala si 70. Sheria ikidai 70, unahitaji filamu ya VLT 80 hivi. Kila nchi ina kiwango chake, na mwaka wa gari unaweza kukibadilisha. Uingereza, kwa mfano, gari lililoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Aprili 1985 linatakiwa kupitisha angalau asilimia 70 kwenye kioo cha mbele na madirisha ya mbele, ilhali kwa magari ya baada ya hapo kioo cha mbele ni 75. Soma sheria ya kwako, kisha umtake fundi akipime kioo kitupu kwa kifaa chake.

Kumbuka na usiku. Taa za gari la kale, hasa la umeme wa volti 6, ni hafifu, na vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma ni vidogo au ni kimoja tu. Kioo cha nyuma cheusi hapo ni hatari.

Hatua ya 7: Patana na fundi kabla hajashika wembe

Mashine za kukata filamu kwa kompyuta mara nyingi hazina vipimo vya magari ya kale, kwa hiyo itakatwa kwa mkono. Muulize anakatia wapi. Wapo wanaokata juu ya kioo chenyewe, na alama za wembe huonekana kila jua linapopiga kwa upande. Dai akatie kwenye karatasi, au atumie utepe wa kukatia filamu. Aoshe kioo mara kadhaa kabla ya kukikwangua, kwani chembe ya mchanga iliyonasa chini ya wembe ndiyo hukwaruza. Na afunike dashibodi, redio na swichi kwa taulo. Maji ya kazi hii ni mengi, na nyaya za zamani haziyapendi.

Kazi ikiisha, usiteremshe vioo siku tano, na wiki nzima kukiwa na baridi. Utaona vijipovu vya maji na ukungu kidogo. Usivibonyeze, vitakauka vyenyewe ndani ya wiki chache. Vikiwa bado vipo baada ya mwezi, au ukiona kipovu chenye chembe ya uchafu katikati, rudisha gari. Kusafisha, tumia maji ya sabuni laini na kitambaa laini, kamwe usitumie dawa ya vioo yenye amonia.